Niliapa kwa jina la marehemu mdogo wangu, mbele ya mtu aliyemuuza

Admin, naomba ufiche jina langu na cheo changu, maana nikijulikana kesi itaharibika na kazi sitakuwa nayo. Majina ya watu nayo nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mama wa watoto wawili, askari polisi hapa Tukuyu. Ninaongoza kikosi kidogo kinachowasaka wanaosafirisha watu na kuwauza kama mizigo. Wenzangu wanadhani nilikiomba kikosi hiki kwa kuipenda kazi. Nilikiomba kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Huyo mtu nitamwita Baba Neema. Ni mnunuzi wa viazi kule Isongole, anaheshimika, kanisani anakaa viti vya mbele. Alifika nyumbani kwetu Kisiba akamwambia mama kwamba kuna kiwanda cha samaki nchi jirani kinatafuta vijana, chakula na malazi bure. Mdogo wangu Ambokile, kitinda mimba wetu, akaondoka pamoja na rafiki yake Lusajo, mtoto wa jirani. Kiwanda hakikuwepo. Walikabidhiwa kwa mwenye mashamba ya tumbaku, wakanyang'anywa simu na vitambulisho, wakawa wanalimishwa kwa fimbo. Ambokile alipougua kifua akashindwa hata kuinua jembe, wakamtupa barabarani karibu na mpaka. Dereva wa lori alimwokota akamleta. Alifia mikononi mwangu, mwepesi kama mtoto wa shule ya msingi, baada ya kunieleza kila kitu.

Sasa sikilizeni. Baba Neema alikuja msibani. Alibeba jeneza begani, akaongoza sala kaburini, akala chakula nilichompakulia mimi. Hakujua kwamba marehemu alishasema. Nilimnawisha mikono nikamwambia karibu sana baba, na wakati maji yanatiririka kwenye vidole vyake nilikuwa naviona vikiwa kwenye pingu.

Nilimfuata taratibu, bila papara. Askari wangu mmoja alijifanya anatafuta ajira, akaingia kwenye mtego wake ili tumnase kupitia kwake. Tulimkamata asubuhi palepale Isongole, vijana wameketi juu ya magunia ya viazi kwenye lori lake, wamevaa nguo zao nzuri, wanajua wanakwenda kazini. Pingu nilimfunga mwenyewe. Difenda yetu ya polisi ingeweza kumfikisha kituoni moja kwa moja, lakini niliamuru isimame sokoni Tukuyu, nikamshusha, nikamtembeza kwa miguu katikati ya watu wanaomwita mzee. Nilisikia raha, siwadanganyi. Mkewe alipokuja kwangu kulia, nilimsikiliza hadi akamaliza, kisha nikafunga mlango.

Shida ikawa wale waliokwishauzwa. Polisi wa upande wa pili wa mpaka walikwenda shambani wakakuta mabanda matupu, vijana wamehamishwa, Lusajo akiwemo. Baba Neema alikataa kuandika maelezo yoyote, akisema tajiri wake, yule mwenye mashamba, ana watu kila ofisi na karatasi itamfikia. Akaomba azungumze na mimi peke yangu. Akaniambia atanitajia walipo, kwa mdomo tu, na mimi nikamsemee kwa wakili wa serikali apunguziwe adhabu.

"Nitakuaminije, dada?" akaniuliza. "Najua unavyonichukia."

Nikamwambia, "Naapa kwa jina la Ambokile."

Akaniangalia, akainamisha kichwa, akaanza kutaja. Jamani, wakati naapa nilikuwa nimeshaamua kumgeuka. Nilitaka aseme yote, halafu aozee gerezani.

Vijana walipatikana, wote wakiwa hai. Wakubwa wangu niliwaambia habari nimepewa na raia mwema. Lusajo aliporudi, mama yake alikuja kituoni na mkungu wa ndizi na kuku, akanishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, asante sana mwanangu," akasema. "Na huyo aliyewaambia walipo, mfikishie salamu. Mwambie kila siku ninamwombea." Niliupokea mkungu. Ningemwambia kwamba anamwombea mtu aliyemuuza mwanawe?

Mama yangu peke yake ndiye niliyemweleza ukweli. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata uso. Akasema muuaji hapewi ahadi, nimwache afie humo humo, na nisimzungumzie tena nyumbani kwake.

Sasa hukumu imekaribia. Wakili wa serikali ameniuliza kama mshtakiwa alitoa ushirikiano wowote wakati wa upelelezi, nikamwambia nipe muda nipitie jalada. Jalada halina neno hata moja, mimi ndiye najua. Nikipita mahabusu namkuta Baba Neema amekonda, kola ya shati imempwaya. Haniombi kitu. Ananishukuru, kana kwamba nimeshamsemea. Juzi aliniambia amemtia moyo mkewe kwamba atarudi kuwaona wajukuu. Nilitoka pale, na sijui nilichosikia moyoni ni hasira au nini.

Nikinyamaza, atafungwa miaka mingi, pengine asitoke akiwa hai, na hakuna mtu duniani atakayejua kwamba aliwahi kunitajia kitu. Ndicho nilichokitaka tangu msibani, na hata sasa ninapoandika bado ninakitaka kwa moyo wangu wote. Nikimsemea, nitakuwa nimempunguzia adhabu mtu aliyemuuza mdogo wangu kisha akala chakula changu msibani.

Ningekuwa nimeapa kwa jina langu, nisingewasumbua. Ningemgeuka nikalala usingizi mzito. Lakini nililitumia jina la Ambokile, na Ambokile katika maisha yake hakuwahi kumdanganya mtu. Ninyi mliowahi kuzika mtu wenu, niambieni bila kunionea aibu. Nitimize, au ninyamaze?