Cherehani na Usingizi wa Marino

Akur akikuambia kwamba chumba kile cha mtaani Gudele kilikuwa kibaya, mwamini. Akikuambia kwamba anakitamani, mwamini pia. Kilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye paa la mabati, hatua sita kwa tano, na ndani yake waliishi yeye, mumewe Marino, binti yao Adau wa miaka miwili, kitanda, masanduku mawili, na cherehani ya miguu iliyosafiri kutoka Kitale juu ya lori, imefungwa mablanketi kama mgonjwa. Mwaka ulikuwa 2008. Amani ilikuwa imetimiza miaka mitatu, na Juba ilikuwa imejaa watu waliorudi, mmoja na Kiarabu chake, mwingine na Kiswahili chake, wote wakitafuta mahali pa kutandika kitanda.

Cherehani ilikuwa ya marehemu mama yake. Mama huyo aliwashonea watu wa Kitale miaka yote ya ukimbizi, akawalisha watoto kwa sindano, kisha akafariki mwaka mmoja tu kabla ya wao kurudi nyumbani. Alimwachia Akur mashine hiyo na desturi ya kuimba huku akikanyaga. Mashine Akur aliichukua. Kuimba kulikwama Kitale, makaburini.

Marino alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la kampuni moja ya mizigo pale uwanja wa ndege. Alirudi nyumbani saa moja asubuhi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akanywa chai, akaingia ndani ya chandarua, akalala hadi saa nane mchana. Na alikuwa na usingizi mwepesi huyo! Kifaranga akilia kwa jirani, yeye alikaa kitako na kuuliza nani ameingia. Kwa hiyo Akur alishona nje, chini ya rakuba, kibanda chao cha nguzo na nyasi kisicho na kuta, na mashine ikanguruma huko mbali na kitanda bila kumsumbua mtu.

Mwishoni mwa Machi ikaja tufani, ikaing'oa rakuba na kuitupa kwenye uwanja wa jirani, nguzo kwa nyasi. Juzi yake tu, Akur alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata tangu afike Juba. Mwalimu Virginia, Mkenya aliyekuwa akifundisha katika shule mpya ya jirani, alikuwa amemletea kitambaa cha bluu na kumwambia: "Mama Adau, nataka sketi arobaini za marinda kabla shule haijafunguliwa. Ukizifanya vizuri, muhula ujao utashona na mashati." Shule ilikuwa ifunguliwe baada ya wiki tatu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakusema mhunzi ahamishie mivukuto wapi. Mvua zilikuwa zimeanza. Mashine ikaingia ndani, ikawekwa mguuni pa kitanda, kwa sababu hapakuwa na pengine.

"Nitakuamsha," Akur alimwambia mumewe asubuhi ya kwanza.

"Wewe shona tu," Marino akasema, akijigeuza kuelekea ukutani. "Siku hizi nachoka. Nikilala, hata ndege itue juu ya mabati haya sitasikia."

Akakanyaga mara mbili tatu kwa woga. Kabla hajafika mwisho wa mshono wa kwanza, mkoromo ukatoka ndani ya chandarua, mnene, mtulivu, wa mtu aliyeshiba usingizi. Akur alifurahi mno. Mtu huamini upesi lile linalomfaa, na yeye aliamini siku hiyohiyo. Kisimani aliwaambia wanawake wenzake, "Wangu mimi ni gogo. Namshonea kichwani na hageuki." Wakamwonea wivu, maana karibu kila mmoja alikuwa na mtu nyumbani anayelalamikia kelele za sufuria.

Basi kitambaa kikaanza kupungua na sketi kuongezeka sandukuni. Adau alikaa chini akicheza na vipande vya kitambaa cha bluu, cherehani ikilia, baba yake akikoroma. Siku ya nne au ya tano Akur alijisikia akiimba. Aliimba wimbo wa mama yake, ule wa kuitia ng'ombe zizini, na hata hakujua ameanza saa ngapi.

Mambo mengine aliyaona lakini hakuyatazama. Aliona mumewe akitia chumvi kwenye chai na kuinywa yote. Aliona macho mekundu, akasema ni vumbi la uwanja wa ndege. Jioni moja Marino alivaa viatu vyake akaondoka kwenda kazini, akarudi baada ya muda kuulizia viatu vyake. Akur akasema ni malaria, akamchemshia maji ya mwarobaini, na masikini yule akayanywa na uchungu wake wote bila kubisha.

Siku ya kumi na moja mvua ilikatika asubuhi, na mabati yakanyamaza. Akur alikuwa akishona marinda. Rinda halitaki pupa. Unakimbiza mguu kwenye mstari mrefu, unapunguza kwenye pindo, unakwenda polepole hadi uvuke, kisha unakimbiza tena. Akakimbiza, na mkoromo ukakimbia. Akapunguza, na mkoromo ukapungua. Alicheka moyoni, akasema leo tunakwenda pamoja kama wapiga ngoma wawili.

Mara uzi ukakatika. Mguu wa Akur ukasimama, na mkoromo ukasimama.

Akalamba ncha ya uzi, akaitafuta tundu ya sindano. Akaikosa mara ya kwanza, akaikosa mara ya pili. Ndani ya chandarua kimya kilikuwa kama cha kwaya inayongoja mwalimu ainue mkono. Uzi ukapenya mara ya tatu, akakanyaga, na mkoromo ukaanza palepale ulipokuwa umeachia.

Akur akatoa mguu kwenye pedali na kutazama chandarua kwa muda mrefu.

"Baba Adau," akaita.

Mkoromo ukajibu.

"Baba Adau, uzi umekatika tena. Nyamaza kidogo nitunge."

Na Marino, Mungu amsaidie, akanyamaza.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sijaona mwongo aliyeikatisha mwenyewe kwa utii namna ile. Kitanda kikaanza kutikisika. Mwanamume mzima alikuwa akicheka kwa kujizuia, uso umezama kwenye mto. Akur hakucheka.

"Tangu lini?"

"Tangu rakuba ianguke."

"Siku kumi na moja hulali?"

"Nalala kidogo ukienda kisimani."

"Na kazini?"

Hapo Marino aliacha kucheka. Akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa. Akur aliisoma akiwa amesimama. Mlinzi huyu amekutwa mara mbili amelala juu ya magunia akiwa zamu. Akikutwa mara ya tatu, kazi yake imekwisha. Na chini palikuwa na sahihi ya mumewe, herufi zinapishana kama zimelewa.

Akur alikasirika hadi machozi yakamtoka. Kazi hiyo ndiyo iliyowaleta Gudele, ndiyo iliyolipia chumba, na Marino aliipata baada ya miezi saba ya kuzunguka Juba nzima na vyeti vya Kenya ndani ya mfuko wa plastiki. "Umenifanya mjinga! Nimejisifu kwa watu kisimani, kumbe namuua mume wangu kwa mguu wangu mwenyewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeifunika mashine."

"Si ndiyo!"

"Ndiyo hiyo sikuitaka." Marino alikaa, chandarua kikimwangukia kichwani. "Akur, tangu tumzike mama yako sijakusikia ukiimba. Hata harusini kwa dada yangu ulikaa kimya. Juzijuzi ukaimba. Mimi nimelala hapo, usingizi hauji, nikasema malesh, si kitu, kama hauji basi usije, wacha nisikilize."

Akur aliikunja tena ile karatasi. Alifungua sanduku, akatoa milaya yake, lile shuka jeupe alilolitarizi maua mwenyewe kabla ya kuolewa, ambalo kwa kawaida hutandikwa wageni wakija tu. Akaifunika cherehani yote, kichwa hadi miguu.

"Lala," akamwambia.

Marino alifumba macho, na kabla Akur hajamfunika miguu alikuwa amekwenda. Ndipo akausikia mkoromo wa kweli. Ulikuwa mbaya. Ulikatikakatika, ukapiga mluzi, ukanyamaza hadi ungedhani mtu amekufa, kisha ukarudi kwa kishindo. Haukufanana hata kidogo na ule mwingine. Akur alikaa sakafuni karibu na kitanda akiusikiliza, akaona aibu kwamba kwa siku kumi na moja alikuwa amedanganywa na mwigo ule mzuri, yeye aliyelala na mtu huyo miaka minne.

Zilikuwa zimebaki sketi kumi na saba na siku nane. Aliweza kuzimaliza kama angekanyaga asubuhi hadi jioni. Asingeweza kama angengoja saa nane kila siku. Mshika mbili moja humponyoka, na Akur alijua ipi aiachie, ila mikono haikutaka kufunguka.

Akamfunga Adau mgongoni, akakibeba kitambaa cha bluu kichwani, akaenda sokoni kwa Ronald. Huyu Ronald alikuwa fundi kutoka Uganda mwenye mashine mbili barazani, na alikuwa na tabia ya kumwambia kila mteja kwamba mashine ya Mama Adau ilishona suruali za Nuhu. Walikuwa hawasalimiani tangu Krismasi.

"Eh! Mama Adau!" Ronald akasema alipomwona. "Leo jua imetoka wapi? Wewe iko na shida?"

"Sina shida. Nina sketi kumi na saba. Marinda manane kila moja. Likipungua hata moja nitajua."

Ronald alikipapasa kitambaa, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Mtu yako ni mgonjwa?"

"Mtu wangu amelala," Akur akasema.

Ronald alizimaliza siku ya Jumapili, na marinda yalikuwa manane, yamenyooka. Shule ikafunguliwa, watoto wa kike arobaini wakapita njiani wamevaa bluu, na Akur alisimama mlangoni akijaribu kutambua zipi ni zake. Muhula uliofuata Mwalimu Virginia alikuja akitazama chini. "Pole sana, Mama Adau. Mkuu wa shule amesema mashati yaende kwa mwenye mashine mbili." Akur akasema hakuna neno. Lilikuwepo neno. Kwa mwezi mzima hakumsalimia Ronald, na alipoona mashati yale meupe yakipita njiani aliingia ndani. Asikudanganye mtu kwamba ukimpendelea mwenzako hutaumia.

Lakini Marino hakukutwa mara ya tatu.

Na siku zilizofuata ndizo Akur anazozitamani. Rakuba haikujengwa hadi mwaka uliofuata, kwa hiyo chumba kilijiwekea sheria zake. Asubuhi ilikuwa ya usingizi. Akur alikaa chini na mkasi, akakata, akapiga pindo kwa mkono, akatia vifungo, huku mkoromo ule mbaya ukipanda na kushuka juu ya kichwa chake. Adau naye alijifunza kunong'ona kabla ya kujifunza kusema vizuri. Ilipofika saa nane Marino aliamka, akaiondoa milaya mwenyewe, akaikunja, akalizungusha gurudumu la mashine kwa kidole na kusema, "Haya, fundi. Kalas, imekwisha, nimeamka." Kisha alikaa kitandani na kikombe chake, akamtazama akishona na kuimba hadi wakati wa kwenda kazini. Hawakuwa na kitu kingine cha kutazama, wala hawakukitaka.

Maisha hayaachi mtu mahali pamoja. Miaka miwili baadaye Marino alihamishiwa zamu ya mchana. Wakapata kiwanja mtaa wa Lemon Gaba, wakajenga vyumba vitatu vya matofali, na kimoja kikawa cha cherehani peke yake, chenye mlango wake na dirisha lake. Majirani walisema Akur amebahatika. Sasa angeweza kushona saa yoyote aitakayo bila kumwamsha mtu. Naye alishona, mlango umefungwa, akiutazama ukuta. Wakati mwingine uzi ulikatika, akasimama na kutega sikio kabla ya kukumbuka kwamba hakuna anayemngoja.

Ilikuwa Jumamosi moja mwishoni mwa 2010, siku zile watu walipokuwa wakipanga foleni kujiandikisha kwa kura ya maoni ya kujitenga. Marino alikuwa ametoka kwenye foleni hiyo, miguu imemchoka, akajilaza chumba cha pili. Akur alikuwa akimshonea Adau gauni la Krismasi. Kulikuwa na joto, na mlango alikuwa ameuacha wazi.

Mkoromo ukaanza. Akur aliusikia, akaendelea na kazi yake. Akafika kwenye pindo, akapunguza mguu, na mkoromo ukapungua. Akavuka pindo, akakimbiza, na mkoromo ukakimbia.

Haukuwa ule mbaya. Ulikuwa ule mnene, mtulivu, mzuri.

Akur hakumwita. Hakumjaribu kwa uzi wala kwa maneno. Alianza wimbo wa kuitia ng'ombe, kwa sauti ya chini, akaumaliza mshono hadi mwisho wa kitambaa. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Akakata uzi, akalitoa gauni na kulikunja magotini. Kisha akarudisha miguu kwenye pedali na kuendelea kukanyaga, mashine ikikimbia tupu, bila uzi wala kitambaa, mkoromo ukiifuata, hadi chai ya saa kumi ikapoa.