Aliyekuwa Akimwamkia Mama

Mama alinipigia simu kunishukuru kwa jinsi nilivyomwamkia asubuhi ile. Mimi sikuwa nimemwamkia. Nilikuwa kijijini Kate, nimezama kwenye magunia ya mahindi tangu alfajiri, simu iko kwenye chaji. Nikamwitikia hivyohivyo, nikakata, nikabaki nimeduwaa.

Nyumbani kwake Sumbawanga nilikuwa nimemwita fundi amfungie kamera kwenye ukuta wa uani, inayotazama mlango wa jikoni na turubai anapoanika ulezi. Anaishi peke yake, tena ni mbishi, hataki kuhamia kwangu. Kamera ina spika, kwa hiyo naweza kumwona kwenye simu na kuzungumza naye, ingawa sauti inatoka imekwaruzika. Siku niliyoijaribu, mama aliugeukia ukuta akapiga makofi taratibu, kama sisi Wafipa tunavyopokea salamu. Nilicheka mpaka machozi.

Sasa dada yangu akasema huo ni uzee, mama ameanza kusahau. Jirani akasema mambo kama hayo si ya kawaida, na mjini kwetu mtu akishasema hivyo hana haja ya kumalizia kwa kutaja uchawi. Sikujua nimwamini nani. Nikaanza kufungua kamera kila asubuhi na kutazama kimya.

Asubuhi moja mama alitoka na ungo, spika ikakwaruza.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya mwanamume, imekwaruzika kama yangu inavyokwaruzika humo.

Mama aliweka ungo chini, akapiga makofi, akaitikia marahaba. Sauti ikamuuliza miguu inaendeleaje, na leo anakwenda wapi. Akajibu anakwenda misa, na ufunguo atauacha palepale chini ya kinu.

Nilimpigia jirani akakae mlangoni, nikakimbilia basi. Nilipofika, hakuna kilichopotea, hata kuku.

Fundi aliyefunga kamera alinieleza bila aibu. Neno la siri lilikuwa lile lililotoka kiwandani, moja mpaka sita, na kamera zote alizofunga mjini zina hilohilo, ili wateja wasimsumbue wakisahau. Anayelijua anaweza kuingia kupitia mtandao akiwa popote. Nilimtukana kwanza, ndipo nikamuuliza ni nani basi. Hakujua. Huenda ni mtu wa mtaa wa pili, huenda yuko Mbeya, huenda ni yeye mwenyewe anayenikodolea macho. Nilibadilisha neno la siri na kitasa cha mlango.

Mama nilimweleza yote. Hakuniamini. Akaniuliza ni mwizi gani anayekuamkia kila siku, akuulize na miguu, halafu asiibe. Kama alikuwa akivizia, mbona misa nyingi zilipita na ufunguo upo chini ya kinu? Na kama hakuwa na ubaya, safari za mama zilimhusu nini? Nawaza, nachoka, naogopa upya.

Siku hizi kamera iko salama. Kila asubuhi namwona mama anatoka na ungo, anasimama kidogo chini ya ukuta, anatazama juu. Nikishaona yu mzima, nafunga simu, maana magunia yananisubiri.

Juzi alinipigia.

"Mwanangu, nimekukosea nini? Mbona huniamkii tena?"