Msiba Uliotangazwa Barabarani

Zamzam binti Mbaraka alikuwa mke wa mtu kwa miaka thelathini na tisa, na katika miaka yote hiyo mumewe alikaa naye miezi saba tu. Usinikatize, hesabu ninaijua. Shaibu alimwoa mara tu Waingereza walipoingia Dar es Salaam na Wadachi wakakimbia, na mwaka uliofuata, asubuhi moja, akatoka kwenda kununua mkaa. Mkaa haukuja, na Shaibu hakuja. Alikuwa amekamatwa akabebe mizigo ya vita, yeye na vijana wengine waliokutwa njiani siku hiyo.

Kambi yao ilikuwa papo hapo lilipo soko la Kariakoo sasa. Zamzam, mwari wa juzi, miaka kumi na sita, alimpelekea chakula siku mbili, akakipenyeza chini ya ua. Siku ya pili Shaibu akalalamika kuwa mchuzi hauna chumvi. Siku ya tatu Zamzam akaenda na chumvi yake, akakuta kambi imefagiwa, hakuna hata mtu wa kuuliza. Basi. Tangu hapo si barua, si salamu, si mtu wa kuja kusema alimwona mahali.

Sasa hapo ndipo mambo yalipokwama. Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda, akaimaliza, akawa huru. Akiachwa, hupewa talaka yake. Zamzam hakufiwa wala hakuachwa. Kadhi alikwisha kumwambia, tena zaidi ya mara moja, kwamba mume aliyepotea muda wote huo, sheria inamruhusu mkewe afunguliwe. Naye akamjibu kadhi wa watu kwa kumuuliza alimwona wapi Shaibu hata ajue kama kafa. Mkaidi huyo, acha tu! Alitaka kitu kimoja: mtu aje mlangoni, apige hodi, akae kitako, ampe habari kama watu wanavyopeana habari. Asipokuja, yeye ni mke wa mtu.

Na angezeeka hivyo hivyo nyuma ya mafungu yake ya papa mkavu na samaki wa ng'onda pale sokoni, kama si Sadalla. Huyu alikuwa fundi cherehani wa Mtaa wa Swahili, mtu wa Kilwa, mpole, aliyefiwa na mke. Alimposa Zamzam mwaka wa kwanza, akamposa wa pili, hata ukafika wa sita. Zamzam alimpenda, tusifichane. Siku Sadalla asipopita sokoni, wateja waligombezwa bure. Mwaka ule wa hamsini na sita, Idi ilipokwisha, Sadalla akamwambia kwamba dada yake anamwita arudi Kilwa, naye amechoka kula hotelini. Akamuuliza abaki au aende, akampa mpaka mwisho wa mwezi ajibu. Kisha akaongeza neno alilolisikia kwa mteja: kule Uzunguni, chini ya ile sanamu ya askari, kuna maandishi ya habari za watu wa vita ile. Sadalla hakujua kusoma. Zamzam alijua, maana baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na herufi za Kiarabu alizipata kwa bakora.

Jumatatu asubuhi akamwachia biashara Candida, jirani yake wa Kichaga aliyekuwa akiuza ndizi, akavaa buibui lake, akaondoka. Usishangae kwamba sanamu ina miaka karibu thelathini na yeye hajapata kuiona. Uzunguni ulikwenda ukiwa na kazi huko: dobi, yaya, mpishi. Muuza papa angekwenda kumsalimia nani?

Akavuka kiwanja cha Mnazi Mmoja, akakatiza maduka ya Uhindini, na mpaka hapo alikuwa mwenyeji. Baada ya hapo akaanza kuchanganyikiwa. Njia zilikuwa pana na kimya, miti imepangwa pande mbili, na nyumba hazina baraza. Hebu fikiri, mtaa mzima, na hakuna hata mtu mmoja aliyekaa nje! Mgeni amuulize nani njia? Akasimama mbele ya mlango mkubwa wenye nguzo, akapiga hodi mara tatu kama alivyofunzwa. Hakuitikiwa. Alipogeuka aende zake, mlango ukafunguka, Wahindi wawili wakatoka, Mzungu mmoja akaingia, na hakuna aliyepiga hodi wala aliyekaribishwa. Kumbe ilikuwa benki. Zamzam akajiuliza watu hawa wanaingia kwa wenzao vipi hivyo, na walio ndani wanajuaje yupi mgeni na yupi mwizi.

Akashika njia, akatokea pwani kwenye kanisa la Wadachi, lile lenye mnara na vigae vyekundu. Kengele yake aliisikia tangu utotoni, lakini kanisa lenyewe hakuwahi kulikaribia. Akalizunguka lote akitafuta sanamu. Hakuna. Mfagiaji mmoja akamwelekeza apinde kushoto. Zamzam akapinda, sijui kushoto kwa nani, akaenda, akaenda, akajikuta ndani ya bustani ya serikali. Na humo akaona ajabu. Miti ilikuwa na vibao. Kila mti na kibao chake, hata ule ambao kwao walichimba mizizi yake kutibu tumbo. Akamuuliza mtu aliyekuwa akimwagilia maua, vile vibao ni vya nini? Akaambiwa ni majina ya miti. Moyo wake ukapata nguvu. Mji unaoandika jina la mti, alijiambia, utakosaje kuandika jina la Shaibu?

Yule mmwagiliaji akamtoa mpaka barabara kubwa ya maduka ya Wazungu, akamwambia aifuate tu bila kupinda popote. Akaifuata. Mama mmoja wa Kizungu akapishana naye, akaziba pua kwa leso. Harufu ya papa haimwachi mwenyewe hata akioga. Na kweli, mbele huko akaiona sanamu: mtu mweusi wa shaba, ameinama na bunduki yake kama anayetaka kumrukia adui. Imesimama katikati ya njia panda, na magari yanaizunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta.

Akasimama kando muda mrefu. Kwanza hakujua atavuka vipi. Pili, alikuwa akikumbuka sanamu nyingine ya Wadachi, aliyosimuliwa enzi za usichana wake: Mzungu amesimama juu, askari mweusi yuko chini yake. Vita vilipokuja ikang'olewa. Serikali hizi na watu wao wa shaba! Akija huyu anamng'oa wa yule, kama mwenye nyumba anayebadilisha wapangaji. Sasa mweusi ndiye yuko juu na Mzungu haonekani, lakini magari yote yanayopita yanaendeshwa na Wazungu. Kwa hiyo nani alishinda? Zamzam akachoka kufikiri.

Aliyemvusha alikuwa tarishi, kijana wa Masasi aitwaye Onesphory, mwenye suruali fupi ya kaki na mkoba wa barua za ofisi. Alimwona mama mtu mzima anakanyaga barabara, anarudi, anakanyaga, anarudi. Akamwamkia, akamuuliza anatafuta nini. Na Zamzam, ambaye siri zake hazijui hata Candida, akamweleza yote pale pale wakivuka: mkaa, kambi, chumvi, kadhi, hata Sadalla. Ndivyo alivyokuwa amechanganyikiwa.

Walipofika, akaanza na herufi za Kiarabu, kidole kikifuata. Alitarajia Kiarabu asichokijua, kumbe kinatoka Kiswahili. Akasoma polepole, akarudia. Wametajwa askari. Kisha wametajwa wapagazi. Kisha wametajwa waliokufa. Hakuyaamini macho yake, akamwomba Onesphory asome yale ya herufi za Kizungu. Kijana akasoma kwa sauti, yakawa yale yale. Mashahidi wawili, na hawakupingana.

"Na majina?" Zamzam akauliza.

Onesphory akaizunguka sanamu pande zote nne. "Majina hayapo, mama. Hata la baba yangu mkubwa halipo, na yeye alibeba."

"Sasa nitajuaje kama Shaibu wangu yumo?"

Kijana akamweleza kwamba kwao pia hakuja mtu, na bibi yake alimngoja yule mwanawe mpaka akazikwa yeye. Halafu akapiga mkoba wake kwa kiganja. "Mimi kazi yangu ni kupeleka barua, mama. Barua yenu ndiyo hii ya kwenye jiwe. Nyingine haiji."

Zamzam akakaa chini palepale kwenye ukingo wa jiwe, magari yanazunguka, Wazungu wanatazama. Hakulia. Alikuwa na hasira. Msiba gani huu unaotangazwa barabarani, wafiwa waufuate wenyewe? Walimchukua mume wa mtu njiani, na habari zake wakaziacha njiani. Mlango wake wanaujua, haujahama tangu Mdachi. Miaka thelathini jiwe limesimama hapa likisema, na yeye yuko mwendo wa nusu saa, anauza papa, anangoja hodi! Na mti una kibao. Akajaribu kupata tangu lini yeye ni mjane, ikiwa ni leo, au siku jiwe lilipowekwa, au siku asiyoijua, na kila alipofikiri alipotea upya.

Onesphory akamsindikiza mpaka Mnazi Mmoja, barua zake zikangoja.

Candida alipomwona tu uso, akamuuliza kulikoni. Zamzam akasema amefiwa na mume. Candida akashika kichwa, akaanza kulia kwa sauti, soko zima likageuka, maana wao walidhani ni Sadalla, naye alikuwa amepita hapo sasa hivi tu, mzima, akanunua ndizi za kuchoma! Ilichukua muda kufumbua fumbo hilo, na Sadalla mwenyewe ilibidi aitwe aonekane.

Alasiri mikeka ikatandikwa nyumbani kwa Zamzam, wanawake ndani, wanaume barazani. Aliyetandika ya wanaume ni Sadalla; wacheke watakaocheka. Mwalimu wa msikitini akasema kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, kwa hiyo ya Zamzam ilikwisha zamani, akitaka hata Ijumaa hii aolewe. Sadalla akatazama chini. Zamzam akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba ataolewa, Sadalla ampelekee dada yake salamu asimngoje, lakini kwanza matanga siku tatu kama ya watu wote.

Wanawake wakaanza kuuliza yanayoulizwa msibani. Kafa lini? Hajui. Kaugua nini? Hajui. Kazikwa wapi? Hajui. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba msiba huu hauna maiti, hauna kaburi, hauna siku, wamekuja kuliaje? Zamzam akasikia.

Kabla ya kufungua khitma, mwalimu akauliza marehemu anaitwa nani, aombewe kwa jina lake na la baba yake.

"Shaibu," Zamzam akasema. "Shaibu bin Kondo."

"Sema kwa sauti, huku nje hawasikii."

Akalisema tena. Likapokelewa barazani, mtu akimwambia wa pili yake, Shaibu bin Kondo, Shaibu bin Kondo, mpaka akasikia Sadalla naye akilitaja. Ndipo Zamzam akalia.