Shingo Haikohoi

Kwanza niliusikia mguu wangu. Pap, kisha kimya. Pap, kisha kimya. Nilikuwa natoka kliniki ya Kibera kuchukua dawa, nimeshaingia kwenye ploti yetu huku Kabiro, na nilidhani ni mtu ananifuata. Nilipoinama ndipo nilipoona nina ndala moja. Nyingine ilibaki mahali fulani matopeni, na wayo wangu haukuniambia.

Dada yangu alikuwa mlangoni akimlisha mwanawe uji. Alicheka mpaka uji ukamwagika kijikoni.

"We! Kiatu ingine umeuzia nani?"

"Sisikii miguu. Nesi amesema ni dawa."

Kicheko kikakatika. Chumba chetu ni kimoja, kitanda kimoja, na mtoto alizoea kulala pua yake imegusa shingo yangu, palepale penye matezi yaliyovimba.

"Kifua kikuu ya shingo," dada akasema. "Kesho utaniambia uko na malaria ya viatu. Si uwache hizo dawa kabla zikumalize?"

"Nikiacha itarudi na nguvu. Ameniongezea vitamini ya miguu."

"Na mtoto?"

"Hawezi kuipata kwangu. Picha ya kifua iko safi. Shingo haikohoi."

Maneno hayo ni ya nesi. Nilikuwa nimeyarudia njia nzima ili nimpe dada yakiwa mazima. Aliitazama shingo yangu kwa muda, kama anayengoja ikohoe. Halafu akaingia ndani na kuanza kukunja nguo za mtoto.

"Tunaenda kwa mathe, Soweto East. Mpaka umalize dawa."

Nilikaa kitandani nikamwangalia akipakia za kupeleka kwa mama. Nilijua huu ndio wakati wa kulia, au wa kumshika mkono. Siku hizo hata machozi yangu yalikuwa na rangi ya chungwa kwa ajili ya vidonge. Hayakuja. Nilitafuta uchungu ndani yangu jinsi mtu anavyopapasa swichi gizani, nikakuta ukuta tu.

Mtoto akaninyooshea mikono. Dada akaishusha polepole, mmoja baada ya mwingine, akamfunga mgongoni kwa leso.

"Si kwa ubaya, sista."

"Najua."

"Lakini hizo dawa umeze. Zote. Ndio turudi."

Nikaitikia kwa kichwa. Akachukua mfuko wa nguo, akatoka, akauvuta mlango wa mabati mpaka ukashika.