Kura ya Shukrani

Kwa Kiswahili cha ofisini, ukisikia bosi anataka kukushukuru, funga virago. Barua za kuachishwa kazi zote huanza hivyo: tunakushukuru kwa utumishi wako. Mpaka leo mtu akinishukuru ghafla, huanza kutafuta begi langu.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa karani wa ghala Kaniha, Biharamulo, nikipakia mahindi ya kwenda makambini Ngara. Kazi yenyewe ilikuwa vumbi, panya na madereva waongo, lakini niliipenda, maana ndiyo iliyokuwa inamjengea mama nyumba kule Mbuba. Kuta za matofali mabichi zilishasimama, zilikosa bati tu. Na mvua za Novemba hazina huruma na matofali mabichi.

Jumanne moja redio ya upepo ikakoroma. Alikuwa opereta wa ofisi yetu ya Ngara, Mhangaza mwenzangu, ambaye kwake r na l ni pacha. Mimi nilichapwa shuleni Rulenge mpaka zikaachana.

"Alhamisi wote mje Ngara," akasema. "Kuna kura."

"Kura ya nini?"

"Ya shukrani. Bosi anataka kuwashukuru wafanyakazi."

Mungu wangu! Nikaketi juu ya gunia. Kumbe wanapunguza watu, tena kwa kura, kama watoto wanaotafuta nani awe golikipa! Nilitaka kugoma kwenda, lakini asiyekuwepo na lake halipo. Jumatano nikapanda lori la mahindi, nikimtukana bosi kimoyomoyo kutoka Kaniha mpaka Mbuba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

Nikamweleza. Mama hakulia. Alitazama kuta zake alizozifunika kwa majani ya migomba, akatazama mawingu, kisha akaenda kumkamata jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa akimwamsha kwenda misa.

"Mkono mtupu haulambwi," akasema. "Mpe bosi wako kabla hajatikisa vikaratasi."

Alhamisi mchana nikaingia ofisini Ngara na jogoo kwapani. Nikakuta meza ndefu, pilau, ndizi, maboga. Nikawaza, ala, wanatunenepesha kwanza! Nikamwendea bosi, mama mmoja wa Kimarekani, nikamkabidhi jogoo na kuanza hotuba: mama yangu, nyumba, bati, mvua. Nikalia mbele za watu, na ndevu zangu zote.

Bosi naye akatokwa machozi, maana alidhani nalia kwa furaha. Kupitia mkalimani akaeleza kwamba leo kwao ni sikukuu: watu husafiri kurudi kwa wazazi, hula bata mzinga, kisha kila mmoja husema anachoshukuru. Bata mzinga alikuwa amemtafuta Ngara nzima bila mafanikio, na sasa Mungu kamletea jogoo.

Nikamgeukia opereta. "Kumbe ni kula?"

"Si ndivyo nilivyosema? Kura!"

Nilitamani kumchinja yeye, jogoo nimrudishe nyumbani.

Zamu yangu ya kushukuru ilipofika, hasira zilikuwa bado zimenikaba, nikasema, "Nashukuru sijashukuriwa." Wenzangu wakavunjika mbavu. Mkalimani alihangaika weee, mwishowe akamwambia bosi kwamba nampenda sana Mungu. Bosi akanipigia makofi.

Jogoo mwenyewe, alipopikwa, alikuwa mgumu kama kandambili. Nilimtafuna kwa uchungu, lakini nilimmaliza.

Bati la mama lilipanda kabla ya Krismasi. Makambi yalipokuja kufungwa, tulishukuriwa kweli, kwa barua yenye mhuri. Nilimsomea mama barua hiyo nyumbani kwake, mvua ikipiga bati mpaka nikalazimika kupaza sauti.

"Wamekushukuru?" akauliza.

"Wamenishukuru, mama."

Akainua macho juu, akakagua bati kona hadi kona. Hapakuvuja hata tone.

"Haya," akasema. "Na sisi tumewashukuru."