Kikaushio cha Nasrin

"Wifi yako kafukuzwa chuo kwa mimba," Bi Kuruthumu alimwambia Mize bombani, ndoo haijajaa hata nusu. "Kaenda na vitabu, karudi na tumbo!"

Mize alimkaza mwanawe mgongoni, akajitwisha ndoo, akaenda zake. Tumbo la Nasrin, wifi yake huyo, alikuwa akiliona kila siku. Lilikuwa limebonyea kwa kutokula.

Alimkuta uani, ameketi chini kando ya kikaushio alichokibuni mwenyewe: sanduku la mbao lililofunikwa nailoni nyeupe, ndani chekeche za kuanikia. Masika, dagaa wa akina mama wa Dunda huozea mchangani. Wa Mize walikauka humo, hawana mchanga wala nzi. Chuo kilipokiona kilishangilia, kikampeleka Nasrin maonyesho Dodoma, kikabandika picha yake getini, kubwa kama mlango. Mitihani ikafanyika akiwa hukohuko.

"Si waliokutuma Dodoma ni wao?" Mize aliuliza.

"Ndio hao hao! Mwalimu ananiambia, 'Binti, ubunifu hauna maksi, maksi ziko kwenye mtihani.' Nimedisko, wifi, nimefutwa chuo. Nimetoka na begi langu nikapita chini ya picha yangu mwenyewe."

"Nawe ukamjibuje?"

"Nikampa shikamoo! Mtu kama yule! Naye akaitikia marahaba, roho yake kunjufu."

Mize alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka, kwa kuwa Nasrin alikuwa ameanza kulia.

"Wamepiga simu leo. Kesho wanaleta gari wakichukue, kiende maonyesho ya Sabasaba. Atakieleza mwanafunzi mwingine, mwenye A zake. Eti mbao walinunua wao."

"Mbao!" Sauti ya Mize ilimtoka mpaka mtoto akashtuka, akaanza kulia. "Na misumari uliyoigongelea hapa, jua la utosi, vidole vinavuja damu? Hiyo nayo wamenunua? Wanakutupa wewe, wanabeba kazi yako!"

Alimfungua mtoto mgongoni, akampakata na kumpa ziwa. Mikono yake ilikuwa bado na hasira.

Nasrin alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Wifi, una dagaa wabichi?"

"Mabeseni mawili."

"Waanike humu wote. Na kesho wakija, nakuomba, tandika jamvi hapa mbele ya kikaushio, ukae na mwanao, wasipate pa kukipitishia. Usimnyanyukie mtu."

"Wakiniambia nipishe?"

"Waambie unanyonyesha."