Vitufe vya Baba

Kwetu mtoto akipewa jina la bibi, anaitwa kwa heshima ya bibi. Mimi nimebeba jina la mama yake baba, kwa hiyo tangu utotoni baba ananiitaga "Mama". Hata akinigombeza: "Mama, ng'ombe wako kwenye mihogo na wewe umeinamia simu!" Nami naitika, "Abee, baba."

Kiharusi kikamnyang'anya sauti. Akawa anaomba maji kwa kidole, uji kwa kidole, na ukikosea anageukia ukutani. Iliniuma mno. Mimi ninayeshinda mjini Kamunyonge nikitengenezea watu kurasa za simu, nishindwe kumtengenezea mzazi wangu vitufe vya kusemea? Thubutu!

Kaka yangu wa Nyasura akanirekodia maneno: maji, uji, naumwa, nigeuze. La mwisho nililitoa kwenye ujumbe wa sauti ambao baba alinitumia kabla hajaugua. Nikakata neno la kwanza tu: "Mama." Sauti yake mwenyewe.

Jumamosi nikaenda kwa wazazi Butiama, nikamwekea simu mapajani. Akabonyeza maji. Simu ikasema, "Mama." Akabonyeza uji. "Mama." Kila kitufe, "Mama" tu.

"Mama mkwe, unaitwa huko!" mama yangu akanitania kutoka jikoni. "Maji yenyewe yako wapi?"

Sikucheka. Nilichukua simu nikatoka na kompyuta yangu hadi barazani, nimenuna. Kosa lenyewe la kijinga! Programu ilipopanga vitufe, ilishika neno la kila kimoja kwa kigeu, yaani kijina cha kubebea kitu, na kigeu hicho nilikuwa nimekiweka nje, kikawa kimoja cha wote, kama kata moja kwenye mtungi. Sasa kitufe hakichukui neno lake kinapopangwa. Kinasubiri kidole, ndipo kinakwenda kuangalia kwenye kata, na humo limeshabaki neno lililoingia mwisho. Nikakihamishia kigeu ndani, kila kitufe kikapata kikombe chake. Badiliko dogo, jasho lote lile.

Nikarudi ndani, nikampa simu. "Tayari, baba. Jaribu."

Akabonyeza maji. "Maji," ikasema sauti ya kaka. Mama akaleta kikombe mbio. Baba hakukigusa. Akabonyeza uji: "Uji." Naumwa: "Naumwa." Akaanza kubonyeza ovyo ovyo, kisha akaniinulia macho yamejaa machozi.

Jamani. Alidhani nimemwondolea sauti yake.

Nikamshika kidole, nikakishusha taratibu hadi kitufe cha mwisho. "Mama," simu ikasema. Akatulia, akinitazama. Akabonyeza tena. "Mama."

Bado kikombe hakukigusa, na mimi nikawa nakagua skrini kuona kama kuna kosa jingine. Akabonyeza mara ya tatu, kwa nguvu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu asubuhi baba yangu ananiita, nami sijaitika hata mara moja.

"Abee, baba," nikasema.

Akachukua kikombe, akanywa maji yake.